Kujifunza Kuchonga Umbo la Binadamu kwa Fundi wa Mpingo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayetaka kukaa na mchongaji mzoefu, kwa siku chache au wiki kadhaa, ajifunze kumtoa mtu ndani ya gogo. Majibu yanahusu zaidi uchongaji wa Kimakonde kama unavyofanyika Dar es Salaam, hasa kwenye vibanda vya wachongaji vya Mwenge, kwa kuwa wengi huanzia hapo. Walioko Mombasa, Machakos au Kisii watakuta mengi yanawafaa, na penye tofauti pametajwa.

## Kabla ya kujiandikisha

Sijawahi kushika patasi wala sijui kuchora. Nitaweza?

Utaweza. Ukiwa na subira utaondoka na sanamu ndogo ya urefu wa shubiri moja hivi, yenye kasoro ambazo wewe mwenyewe utaziona kabla hujaambiwa. Kuona kasoro zako ndiyo faida kubwa ya warsha, na binafsi naihesabu zaidi kuliko sanamu yenyewe.

Kuchora si sharti. Wachongaji wengi wa mpingo hawagusi karatasi kabisa. Wanachora kwa chaki juu ya gogo, maana penseli haionekani kwenye mti mweusi. Mstari unafutika kila tezo (kifaa kama shoka dogo, makali yake yamekingama na mpini) linapopita, unachorwa tena, unafutika tena. Anayeng'ang'ania mchoro wake wa kwanza hupata shida kuliko asiyejua kuchora.

Warsha inachukua muda gani?

Siku mbili zinatosha kujua namna ya kushika tezo na kuelewa kwa nini mikono inauma. Wiki moja inatosha kumaliza sanamu ndogo ukisaidiwa. Ufundi wenyewe ni wa miaka. Wengi wa mafundi walianza utotoni, kwa baba au mjomba, wakipiga msasa kazi za wakubwa muda mrefu kabla ya kuachiwa tezo. Ukikutana na tangazo linaloahidi kukufanya mchongaji kwa wikiendi moja, lipite tu.

Ada inalipia nini?

Uliza mambo matatu kabla ya kutoa hela: je, mti umo ndani ya bei? Je, utatumia vifaa vya fundi au vyako? Je, sanamu utakayomaliza ni yako? Mti ndio unaozua mizozo, kwa sababu kipande kizuri cha mpingo kina bei yake, na mwanafunzi akikiharibu siku ya kwanza atahitaji kingine. Makubaliano ya mdomo yanakubalika Mwenge, ila yasemwe mbele ya mtu wa tatu.

Nimwiteje fundi, na nikae naye vipi?

"Fundi" inatosha kwa yeyote. Akiwa ni mtu wa umri, anza na shikamoo, kisha "mzee". Usichukue tezo lake bila kuomba, hata kama amelilaza chini. Mpini wake umekaa kwa mkono wake miaka mingi, na makali yake ameyanoa kwa namna anayoijua yeye. Picha pia omba kwanza, hasa za kazi ambazo hazijakamilika: miundo inaigwa haraka sana sokoni.

Usitegemee maelezo mengi. Fundi wengi wanafundisha kwa kuonyesha. Atapiga tezo mara kadhaa, atakurudishia gogo, atarudi kwenye kazi yake. Ukikwama, sema "fundi, naomba uone hapa", ukielekeza kidole mahali penyewe. Swali pana kama "nafanyaje mwili?" hupata jibu moja tu: "chonga."

Wanawake wanapokelewa?

Ndiyo. Kwa desturi uchongaji kwa Wamakonde ulikuwa kazi ya wanaume, na ufinyanzi wa vyungu kazi ya wanawake, lakini wapo wanawake wachongaji na mafundi wengi leo hawaoni ajabu. Ila chunguza mazingira: kibanda kiko wazi, choo kipo, na kuna mwanafunzi mwingine mwanamke au la.

Inafurahisha kwamba hadithi ya asili ya Wamakonde wenyewe inaanza na sanamu ya mwanamke. Kiumbe aliyeishi peke yake porini alichonga umbo la mwanamke kwa mti, akalisimamisha, likawa na uhai, akawa mkewe. Watoto wao wa kwanza walikufa walipokaa karibu na mto. Walipohamia juu, kwenye nyanda, mtoto akaishi.

Mimi ni Muislamu. Je, kuchonga sanamu ya mtu kunafaa?

Wanazuoni wengi wa Kisunni wanakataza kutengeneza sanamu kamili ya kiumbe chenye roho, na si kazi ya fundi kukupa fatwa. Muulize shehe unayemwamini kabla hujalipa ada. Wapo mafundi Waislamu wanaochonga watu, na wapo wanaojizuia. Anayebaki na shaka anaweza kujifunza tezo na patasi zile zile kupitia nakshi. Milango ya Zanzibar na Lamu ina maua, minyororo na mistari ya kumtosha mtu maisha yake yote.

## Mti, vifaa na vumbi

Kwa nini mpingo, na si mti mwepesi wa kujifunzia?

Swali zuri, na mafundi hawakubaliani. Wengine wanampa mgeni mti laini siku ya kwanza ili azoee mkono. Wengine wanasema mti laini unafundisha uzembe: unapiga kwa nguvu, unatoka haraka, hujui ulichofanya. Mimi niko upande wa pili. Mpingo ni mgumu na mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama, kwa hiyo kila pigo linatoa kidogo tu. Unapata muda wa kufikiri kati ya pigo na pigo. Nyuzi zake zimebana sana, na ndiyo sababu unatumika kutengenezea klarineti na obo, na ndiyo sababu unashika hata mikunjo midogo ya kope bila kumeguka.

Pia ni mti unaokua polepole mno. Mpaka ufae kuvunwa hupita miaka kama 70 hadi 100. Usishangae fundi akikunja uso ukiharibu kipande kwa haraka zako.

Nitajuaje kwamba ni mpingo kweli?

Tazama upande uliokatwa. Moyo wa mpingo ni mweusi au kahawia iliyoiva sana, na tabaka la nje ni la manjano hafifu, mpaka wake ukionekana wazi. Kamata uzito wake mkononi. Kwenye kinyago kilichomalizika, kwangua kidogo chini ya kitako: mti uliopakwa kiwi cheusi utaonyesha weupe mara moja. Usikwangue kazi ya mtu bila ruhusa, lakini.

Nilete vifaa gani?

Kama utatumia vya fundi, leta miwani ya kukinga macho, barakoa, nguo ya kuchafuka na viatu vilivyofunika vidole. Vya kuchongea ni vichache: msumeno na shoka kwa kupunguza gogo, tezo kwa sehemu kubwa ya kazi, patasi bapa na zenye mdomo wa mviringo kwa undani, tupa, msasa, na jiwe la kunolea. Patasi nyingi unazoziona kwenye vibanda zimefuliwa na wahunzi wa mitaani kutokana na vyuma chakavu, na zinakaa na makali vizuri kuliko seti nyingi za dukani zenye mipini ya rangi rangi.

Kunoa ni nusu ya somo. Patasi butu haikati mpingo, inateleza, na ikiteleza inakwenda kwenye mkono ulioshika gogo.

Je, vumbi la mpingo lina madhara?

Lina madhara, na hili watu hulipuuza. Vumbi lake linaweza kuleta upele na mwasho wa ngozi, macho mekundu, kupiga chafya na kubanwa kifua. Mwenye pumu aseme mapema. Hatari kubwa iko kwenye msasa na tupa, si kwenye tezo, maana tezo linatoa vipande na msasa unatoa unga. Kaa upande ambao upepo unatoka, vaa barakoa hata kama fundi hajavaa, na oga kabla ya kulala. Anayepata upele siku ya kwanza asijilazimishe. Abadilishe mti (tazama swali linalofuata).

Kama sipati mpingo, au ngozi yangu inaukataa?

Mwarobaini ni chaguo zuri na unapatikana kirahisi pwani. Nchini Kenya wachongaji wameutumia sana tangu muhugu, mti mgumu waliouzoea, ulipoanza kuadimika. Ukiwa Tabaka, mahali palipo Kisii, utachonga jiwe laini badala ya mti. Pale hakuna nyuzi za kukusumbua, ila jiwe linavunjika likianguka.

Uchongaji wa Wakamba una ujamaa na huu wa kusini. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu, Machakos, aliiona kazi ya wachongaji akiwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nayo nyumbani. Leo Wamunyu, na Changamwe kule Mombasa, ni mahali pa kwenda kama uko upande wa Kenya.

## Kumtoa mtu ndani ya gogo

Nianze na mtindo upi?

Anza na binadamu: mtu mmoja, amekaa au amechuchumaa, au mama amempakata mtoto. Ujamaa, ile nguzo ya watu waliobebana, inavutia macho, ila ni watu kumi na zaidi ndani ya gogo moja, na asiyeweza mmoja hawezi kumi. Anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo huo ni Roberto Yakobo Sangwani. Shetani, mtindo wa viumbe wa ajabu, unaonekana rahisi kwa sababu hauna vipimo vya kawaida. Si rahisi. Jicho moja kubwa na mkono uliopinda lazima vikae kwa mizani, na mizani hiyo inatoka kwa mtu aliyekwisha kuujua mwili. Mawingu, ule wa maumbo yaliyotobolewa matundu na kupindapinda, uache mpaka utakaporudi mara nyingine.

Tunaanzia wapi hasa?

Kwenye gogo, kabla ya chuma chochote. Fundi atalizungusha, ataligonga kwa mpini wa tezo na kusikiliza. Mpingo mzima unalia. Wenye ufa ndani unatoa mlio uliokufa. Ataangalia fundo liko wapi, gogo limepinda upande gani, na ataamua kichwa kiwe juu au chini. Mara nyingi mkunjo wa gogo ndio unaoamua mgongo wa mtu.

Kisha ganda na tabaka la nje linatolewa kwa shoka. Baadaye chaki: utosi, kidevu, kinena, magoti, nyayo. Mistari mitano tu. Kuanzia hapo ni tezo, na fundi anakaa chini au kwenye kigoda, gogo limebanwa kati ya nyayo zake. Mapigo ni mafupi, mkono haupandi juu ya bega, na gogo halikai upande mmoja zaidi ya dakika chache. Mbele, ubavu, nyuma, ubavu. Mwanafunzi huwa anachonga mbele mpaka mbele iishe, akigeuza anakuta mtu bapa kama aliyebandikwa ukutani.

Kila mahali penye kitu kinachotokeza, unaacha donge: donge la pua, la kidevu, la matiti, la mikono iliyokunjwa. Donge linapungua, haliongezeki. Ndiyo maana uso unachongwa mwisho. Wanafunzi karibu wote wanataka kuchonga macho siku ya kwanza, kwa sababu macho ndiyo yanayofanya gogo lianze kuwa mtu. Matokeo yake wanapata uso mzuri juu ya shingo iliyokaa pabaya, na hakuna mti wa kusogezea shingo. Mabega, nyonga na mwelekeo wa kichwa vikikaa sawa, sanamu inasimama hata bila macho.

Jambo moja utaliona fundi akilifanya bila kueleza: anageuza kazi kichwa chini miguu juu, anaitazama, anairudisha. Akiigeuza hivyo haoni tena "mtu", anaona uzito wa upande huu na upande ule. Mahali palipozidi panajitokeza. Iga.

Kuna vipimo vya mwili vya kukariri?

Vichache. Mtu mzima aliyesimama ana urefu wa vichwa saba na nusu hivi. Nusu ya urefu wake iko kwenye kinena, si kitovuni kama wengi wanavyodhani. Macho yako katikati ya kichwa, tukihesabu kuanzia utosi hadi kidevu, na kosa la kila mgeni ni kuyaweka juu, karibu na nywele. Mikono ikining'inia, kiwiko kinafika kiunoni na ncha za vidole zinafika katikati ya paja. Unyayo una urefu wa kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono. Kiganja na vidole vyake vinafunika uso kutoka kidevu hadi mwanzo wa nywele. Mtoto wa mwaka mmoja ana vichwa vinne hivi. Ukimpa saba atakuwa mzee mfupi.

Kinachopita vipimo ni uzito. Simama ukiegemea mguu mmoja, weka mikono kwenye nyonga: upande wa mguu uliobeba, nyonga imepanda, na bega la upande huo limeshuka. Ukiwa mjini Dar es Salaam, nenda kwenye Sanamu ya Askari, shaba iliyochongwa na James Alexander Stevenson na kusimikwa 1927. Izunguke yote, usiishie mbele, ujiulize mguu upi umebeba mwili na mgongo unajibu vipi. Ni zoezi la bure, ingawa magari hayakupi nafasi.

Mbona vinyago vingi vina kichwa kikubwa kuliko hivyo vipimo?

Kwa makusudi. Katika uchongaji mwingi wa Kiafrika kichwa kinapewa ukubwa unaolingana na heshima yake, si na rula. Fundi akikuonyesha mtu wa vichwa vinne, usimsahihishe. Jifunze vipimo vya swali lililotangulia ili ujue unaacha nini na kwa nini. Tofauti kati ya kichwa kikubwa kilichokusudiwa na kichwa kikubwa cha bahati mbaya inaonekana kwenye shingo na mabega.

Kuna mtu anayesimama mbele ili tumchonge? Atakuwa uchi?

Kwenye warsha za mpingo, kwa kawaida hapana. Fundi anachonga kwa kumbukumbu, na wewe utatumia mwili wako, mwenzako aliyevaa nguo zake, au mama anayepita na ndoo kichwani. Kama warsha fulani ina mtu wa kusimama, waandaaji wanapaswa kusema mapema na atakavyovaa.

Mkono wa sanamu umekatika. Nimeharibu kila kitu?

Kwanza jua umekatika kwa nini. Nyuzi za gogo zinapanda juu. Mkono ulionyooshwa pembeni unazikata nyuzi hizo, unabaki na vipande vifupi vinavyoshikana kwa shida. Ndiyo maana vinyago vingi vina mikono iliyoshikamana na mwili, magotini, au imeshika mtungi.

Ukikatika, una njia tatu: gundi ya haraka pamoja na unga wa mpingo, ikiwa ni sehemu ndogo, kupunguza upande wa pili ili sanamu iwe na mkao mpya, au kuigeuza kuwa kitu kingine kabisa. Hiyo ya tatu ina historia. Inasimuliwa kwamba mchongaji Samaki Likankoa, katika miaka ya 1950, alikuwa na sanamu ya mtu iliyokatika mkono. Akaichonga upya ikawa kiumbe wa ajabu, mfanyabiashara Mohamed Peera wa Dar es Salaam akaipenda, na mtindo wa shetani ukashika kasi.

Fundi alichukua kazi yangu akachonga mwenyewe nusu saa. Ni sawa?

Ni kawaida, na kwa wengi ndiyo namna ya kufundisha. Lakini una haki ya kuiweka mipaka. Siku ya kwanza sema kwa upole: "Fundi, naomba unionyeshe kwenye kipande kingine, hiki niachie nikiharibu mwenyewe." Hakuna atakayekasirika. Ninavyoona mimi, sanamu iliyonyooshwa na fundi inapendeza zaidi na haifundishi kitu.

## Kumaliza, kubeba, kuuza

Nang'arishaje?

Tupa kwanza, kisha msasa mkavu wa kuparuza, wa kati, halafu laini. Kati ya hatua futa kwa kitambaa chenye maji kidogo, alama za patasi zilizojificha zitajitokeza. Mwisho nta au kiwi kidogo, sugua kwa brashi. Mpingo mzuri hauhitaji rangi. Alama za patasi kwenye nywele au nguo ziache kama zinapendeza, sanamu si lazima ing'ae yote.

Kwa nini imepasuka nilipofika nyumbani?

Mti ulikuwa bado na unyevu, au umeutoa pwani ukaupeleka kwenye hewa kavu: chumba chenye kiyoyozi, au nyumba ya Ulaya yenye joto la mashine wakati wa baridi. Ukifika, iache ndani ya mfuko wa plastiki wiki kadhaa ukiufungua kidogo kidogo. Iweke mbali na jua la dirishani. Ufa mwembamba unazibwa kama ilivyoelezwa kwenye swali la mkono uliokatika.

Naweza kusafiri nayo nje ya nchi?

Tangu Januari 2017 karibu jamii yote ya miti ya Dalbergia, ukiwemo mpingo, iko Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Bidhaa zilizokamilika zimesamehewa ikiwa mti wenyewe hauzidi kilo 10 kwa mzigo mmoja, kwa hiyo sanamu ya warsha kwa kawaida inapita. Gogo bichi ni jambo jingine, usilibebe. Hata ndani ya Tanzania, kusafirisha magogo kunahitaji hati za Wakala wa Huduma za Misitu. Tunza risiti, na uwaulize wakala hao kabla ya siku ya safari, maana nchi unayokwenda nayo inaweza kuwa na masharti yake.

Naweza kuiuza kwa jina langu?

Kama umeichonga wewe, ndiyo. Chonga jina chini ya kitako. Kama fundi ameshika sehemu kubwa, taja jina lake pia, au msiweke jina. Muundo wake wa pekee usiurudie kwa ajili ya biashara bila kuelewana naye.

Nataka kujifunza kuchonga lipiko, si sanamu. Inawezekana?

Lipiko, kinyago cha ngoma ya mapiko kinachovaliwa kichwani, ni habari nyingine. Kinachongwa kwa mti mwepesi ili mchezaji aweze kuruka nacho, na kwa desturi kilichongwa mbali na macho ya wanawake na ya wasiotiwa jandoni. Vipo vinavyochongwa kwa ajili ya wageni na hivyo unaweza kufundishwa. Vya ngoma yenyewe usiviombe ukiwa mgeni. Kama una ndugu au mwenyeji Mmakonde, apeleke ombi yeye kwa wazee, nawe usubiri jibu.